Mbao za Pikapu ya Kaka

Sakafu ya bodi ya pikapu ya kaka yangu ilianza kuoza pembeni, juu ya tairi la nyuma la kushoto. Kwa miezi mingi aliziba tundu kwa kipande cha bati la paa na kuendelea na kazi. Siku moja bati lilichomoka tukiwa tunaingia mjini Tarime, na kiroba kimoja kikapasukia pale tunduni. Kaka alipoona kwenye kioo watu wakikimbia nyuma yetu, wakiinama na kuinuka, alifunga breki, akashuka, akaanza kuwabembeleza wampe mawe waliyoyaokota. Wapita njia walimcheka, mwanamume mzima kulilia kokoto.

Hazikuwa kokoto. Yalikuwa mawe ya dhahabu, na hayakuwa yake. Kazi ya kaka ilikuwa kubeba mawe ya watu, kutoka machimbo mapya ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, kuja kwenye krasha za kusagia huku kwetu. Ulikuwa wakati wa rashi, mbio za watu kufuata dhahabu mpya. Neno likishavuma kwamba kilima fulani kimetema dhahabu, basi wiki inayofuata kilima hicho kina mashimo kama kichuguu kilichobomolewa, mahema ya turubai, wauza chapati, na vijana waliotoka hata Kenya wakijifanya wamekuja kusalimia shangazi zao.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Nyamisangura na shahada ya sosholojia, sina kazi. Mama alikuwa na duka dogo la rejareja, nami nilikaa nyuma ya kaunta nikimuuliza kila mteja kwa nini anaamini anachokiamini. Mama alisema nimerudi na mdomo tu. Kaka hakusema hivyo. Yeye alikuja kuniomba niwe napanda naye.

Sababu yake niliijua. Mwezi uliopita dereva mwingine wa mawe, kijana wa mtaa wa pili, alituhumiwa kubadilisha viroba njiani. Wenye mawe walisaga, hawakupata walichotarajia, wakamgeukia. Walimrudisha kwa mama yake amelazwa juu ya turubai. Aliishi, lakini mguu haukunyooka tena, na hakuwahi kueleza walimfanya nini. Hakuna aliyeuliza ushahidi uko wapi. Nilipouliza mimi, pale pale msibani kwa mtu asiyekufa, mzee mmoja alinitazama na kusema kwamba mwenye hatia hujulikana. Nikamuuliza hujulikana vipi. Mama akanivuta kwa nguo.

"Wewe una macho ya kuuliza," kaka aliniambia. "Panda mbele, uangalie kila kitu. Wakisema nimeiba, useme ulichokiona."

Nilimwambia ushahidi wa dada hauna uzito mbele ya watu wenye hasira. Alisema anajua, lakini ni bora kuliko kutokuwa na mtu.

Baada ya mawe yale kudondoka barabarani, ilibidi sakafu itengenezwe upya. Bati jipya lingepinda kwa uzito, kwa hiyo tukaenda kwa seremala anayetengeneza bodi za magari karibu na soko. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwembamba, kalamu ya risasi sikioni, na alitupitisha kwenye banda lake kama mtu anayeonyesha ng'ombe. Paina alizipita bila kusimama. Mbao za paina, alisema, ni za dari. Jiwe likianguka linaacha shimo kama kidole kwenye ugali. Mninga ulikuwepo, mbao chache nyekundu zilizolazwa juu kabisa, lakini huo ni wa milango ya matajiri na una maswali ya vibali. Akatupeleka kwenye mkaratusi.

Niliuliza kama mkaratusi haupindi. Alikubali kwamba unapinda, na unapasuka, kama ukiuchana leo ukaupigilia kesho. Wake ulikuwa umekaa bandani tangu masika yaliyopita, umepangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Alinyanyua ubao mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akanipa nigonge. Ulilia kikavu. Aliuelekezea jicho kwa urefu wake, jicho jingine amelifumba, akautupa pembeni kwa sababu ulikuwa na mgongo. Wa pili aliutupa kwa ajili ya fundo karibu na ukingo; palepale, alisema, ndipo bolti itakapopita, na fundo likipasuka ubao mzima unakwenda. Kaka alikuwa akiangalia saa ya simu. Mimi nilifurahia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kuona mtu akikataa kitu na kutoa sababu.

Tulipata mbao saba nzuri. Zilipigwa randa upande wa juu tu, upande wa chini zikaachwa na meno ya msumeno ili zishike chuma. Seremala aliacha uwazi mdogo kati ya ubao na ubao, maji ya mvua yapate pa kutokea, akazifunga kwa bolti zenye vichwa vilivyozama. Nilipitisha kiganja na sikukutana na kitu chochote cha kukwaruza.

Kilichobaki ni kupaka. Nilitaka vanishi. Seremala alicheka, akamuuliza kaka kama dada yake anatengeneza kabati au gari. Vanishi ingekwanguliwa na mawe siku ya kwanza, kisha mchwa na maji wangeingia. Dawa ya mbao kwetu inajulikana: oili chafu, ile inayomwagwa gereji injini ikibadilishiwa mafuta. Nguzo za zizi hupakwa hiyo, milango ya vyoo hupakwa hiyo, na hakuna mchwa anayegusa. Niliuliza inakauka baada ya muda gani. Alisema iachwe juani hadi mbao ziinywe yote, zikiguswa zisitie doa. Hilo lilikuwa jibu zuri. Tatizo ni kwamba kaka alikuwa amepigiwa simu. Kulikuwa na mzigo unaomsubiri asubuhi.

Nilipaka mimi, kwa tambara, jioni ile uani kwetu. Mbao zilikunywa mkono wa kwanza kwa haraka mno, nikaongeza wa pili, na kwenye viungo nikamimina moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Zilikuwa nyeusi na zinang'aa. Mama alitoka dukani, akazitazama, akasema sasa hilo ni gari.

Asubuhi bado zilitia doa. Kaka alitandika magunia matupu juu yake, tukaondoka.

Kule machimboni, mwenye duara, yaani mwenye shimo, alikuwa mtu mzima mpole, mwenye kofia ya pama, mzee wa kanisa huko kwao. Nilimwamkia shikamoo, akaitika vizuri, akaniuliza habari za masomo. Walikuwa wamefikia mwamba waliokuwa wakiutafuta kwa miezi. Walitwanga kipande mbele yetu, wakakikoroga na maji kwenye sahani, na pembeni mwa sahani ukabaki mstari wa njano ulio wazi kabisa. Vijana waliinama kutazama. Mmoja alivua kofia. Niliona mstari ule nikaogopa, kwa sababu sasa watu wote pale walijua, au walidhani wanajua, ndani ya viroba mna kiasi gani.

Vilipakiwa tabaka mbili. Vijana wawili wa duara walikaa juu kulinda, panga mapajani. Mwenye duara alitangulia kwa pikipiki.

Mvua ilitukuta baada ya kuvuka daraja la Mto Mara. Kwenye mlima mmoja gari lilishindwa, matairi yakawa yanazunguka mahali pamoja, na kaka akawaomba wale vijana washuke wasukume. Wakasukuma. Gari lilipopata nguvu, kaka hakuthubutu kusimama kwenye utelezi. Alipanda mpaka juu, akapita kona, akasimama penye changarawe. Tuliwasubiri. Walikuja wakihema, wamejaa matope, na yule mrefu, ambaye wenzake walimwita Kanali ingawa hakuwahi kuwa askari, alizunguka gari lote akihesabu viroba kwa kidole.

"Mura, ulikuwa unakimbia nini?" alimuuliza kaka, kwa neno la huku kwetu la kumwita kijana.

"Nilikuwa nakimbia mlima."

Hakucheka. Alipanda tena juu, na kuanzia hapo nilisikia akigonga paa la kabini kila tulipoongeza mwendo.

Kwenye krasha vijana hao na wenzao waliokuwa wakitusubiri walishusha viroba wenyewe. Vya juu vilishuka kwanza, vikapelekwa ukutani kabisa. Vya chini vilishuka mwisho, vikaachwa karibu na mlango. Mwenye duara alitoa sala fupi, sote tukainamisha vichwa, na mashine ikawashwa. Kwa kuwa viroba vya mlangoni ndivyo vilivyokuwa karibu, ndivyo vilivyoanza kusagwa. Sikuliwaza jambo hilo wakati ule. Nilikuwa nimeziba masikio kwa sababu ya kelele.

Unga wa mawe uliteremshwa na maji kwenye mwalo, ule mfereji wa mbao uliotandikwa mazulia ya kunasa mchanga mzito. Mazulia yakakung'utwa kwenye karai. Mwenye krasha, mtu mnene wa vichekesho, akamimina zebaki na kuanza kukoroga kwa mkono mtupu. Nilikuwa nimeona kazi hiyo mara nyingi. Zebaki hukimbia kwenye karai kama kitu hai, ikikutana na dhahabu inaimeza, na mwisho unabaki na donge moja. Siku ile haikukimbia. Ilivunjikavunjika ikawa punje ndogo za kijivu, kama majivu yaliyolowa, na kila alipozikusanya zilitawanyika. Aliacha vichekesho. Akamwaga, akarudia. Donge lililopatikana lilikuwa kama punje ya mtama.

Kanali alikwenda kwenye pikapu, akachomoa funguo, akazitia mfukoni. Mwingine alifunga lango la uzio. Mwenye duara alivua kofia yake na kuipangusa maji ya mvua polepole, akamwambia kaka akae chini na avue viatu. Kaka alikaa kwenye tope. Niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja.

"Kule mlimani," mwenye duara alisema. "Nani alikuwa anakusubiri?"

Kaka aliapa kwa jina la mama. Akaeleza mvua, utelezi, kona. Kanali alimpiga kofi katikati ya sentensi, si kwa nguvu sana, kama mtu anayejaribu kitu. Mimi nilisema nilikuwepo, nikaambiwa wanawake wa kwao hawaongei kabla ya kuulizwa. Kisha mmoja wa vijana aliyekuwa amepanda nyuma ya gari kutafuta alinusa vidole vyake na kuita. Mbao zilikuwa nyeusi, na suruali yake ilikuwa nyeusi pia.

"Hii ni nini? Mmepaka dawa ya kufukuza mali?"

Walinusa wote kwa zamu. Wakauliza nani alipaka. Nilisema mimi. Mmoja akarudi nyuma hatua kadhaa, akasema basi imeeleweka, mwanamke amepaka mafuta chini ya mawe ya watu, na kwenye duara lao mwanamke hakanyagi. Nilitaka kumuuliza dhahabu inamjuaje mwanamke. Kwa mara ya kwanza maishani swali lilifika mdomoni nikalimeza, kwa sababu aliyeshika panga hakuwa anatafuta jibu.

Niliinama karibu na kaka nikamuuliza kwa Kikurya kama ameyagusa mawe. Kama yapo mahali, nilitaka kujua mapema.

"Hata wewe?" alisema.

Macho yake yalinitosha. Niliinuka. Nilitazama kila kitu, kama alivyoniomba, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nilitazama dimbwi mwisho wa mwalo, maji yanapotulia. Juu yake kulikuwa na utandu wenye rangi za upinde wa mvua, ule unaouona gereji. Nikatazama viroba vitupu vilivyorushwa mlangoni. Kila kimoja kilikuwa na ubavu mweusi. Nikatazama vile vya ukutani, ambavyo havijasagwa. Vilikuwa vimelowa, lakini vyeupe.

Sikusomea madini. Lakini najua mikono yenye mafuta haishiki sabuni, na chungu chenye mafuta hakikubali maji. Nilimuuliza mwenye krasha, si mwenye duara, zebaki ikikutana na mafuta inakuwaje. Alijikuna tumbo. Alisema hajui, kwake hakuna mtu aliyewahi kuleta mawe yaliyokaangwa.

Ndipo nikamwamkia tena mwenye duara, shikamoo mzee, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Aliitika kwa mazoea, na kwa kuwa ameitika ilibidi anisikilize. Nilimwonyesha viroba vyeusi na vyeupe. Nilimwambia kama kaka amebadilisha mawe, hakuwa na muda wa kuchagua ya chini tu, yaliyofunikwa na mengine. Asage kiroba kimoja cha ukutani. Lakini kwanza mazulia, karai na mikono vioshwe kwa sabuni ya unga.

"Msomi amekuja kutufundisha kuosha vyombo," Kanali alisema.

"Na kisipotoa kitu?" mwenye duara aliniuliza.

Nilisema ataamua mwenyewe. Nilijua nimesema nini. Kaka naye alijua. Aliinua kichwa kunitazama.

Waliosha. Walichagua kiroba wao wenyewe, wakakikagua mshono. Mashine ilipowashwa nilikaa kwenye tope pembeni ya kaka, mabega yetu yakigusana, na hapo ndipo hofu yenyewe iliponikuta. Nilikumbuka nilichofundishwa chuoni kuhusu sampuli. Kiroba kimoja hakithibitishi chochote. Mwamba si ugali. Huwa na dhahabu hapa, na nusu mita pembeni hauna kitu. Kaka angeweza kuwa mkweli kabisa, mafuta yakawa ndiyo sababu, na kiroba kile bado kikatoka kitupu, kwa bahati tu. Nilikuwa nimeweka maisha yake juu ya hoja ambayo mhadhiri yeyote angeikata kwa wino mwekundu, na hapakuwa na mtu pale wa kuniambia hivyo isipokuwa mimi. Nilitaka kusimama niseme sageni viwili, sageni vitatu. Nikaona nikisema hivyo nitaonekana natafuta njia ya kutokea.

Kaka alikuwa akisali bila sauti. Midomo ilikuwa ikienda.

Mchanga uliposhuka kwenye karai, mwenye krasha alimimina zebaki kidogo kidogo. Ilivunjika mara moja, nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa inakimbia. Ilizunguka karai, ikakusanya, ikapungua mwendo, ikawa nzito. Alilikamua lile donge kwenye kitambaa na kulifungua mbele ya mwenye duara. Halikuwa kubwa kama ndoto zao za asubuhi, lakini lilikuwa mara nyingi ya lile la kwanza, kwa kiroba kimoja. Wale vijana walianza kutazama vitu vingine, ukuta, mashine, anga.

Marudio ya viroba vya kwanza, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, yalirudiwa kwa sabuni. Yalitoa kiasi. Kingine kilikuwa kimekwenda na maji, na mwenye duara alilitazama dimbwi lile kwa muda mrefu. Kisha aliagiza mbao zing'olewe. Kama zimekunywa mafuta, alisema, huenda zimekunywa na unga wa mawe yake. Zichomwe, majivu yaoshwe. Niliona hesabu hiyo haina maana yoyote, na sikusema. Kanali alileta spana yeye mwenyewe. Bolti zilizozamishwa vizuri ziliwasumbua sana. Mkaratusi ule uliwaka haraka, kwa moshi mweusi.

Funguo kaka alirudishiwa na mwenye duara, mkononi.

"Kesho saa moja asubuhi tuna mzigo mwingine," alimwambia. "Uje."

"Sawa, mzee," kaka akajibu, akavaa viatu.

Njiani nilimuuliza kwa nini amekubali. Alisema asipokwenda, watasema kumbe alikuwa na kitu, na watakuja kumchukua mbele ya mama. Nilitafuta kosa kwenye maelezo hayo. Sikulipata.

Alfajiri tulimwamsha seremala. Alitutolea mbao nyingine za mkaratusi, akazipiga randa harakaharaka, akauliza oili iko wapi. Kaka alimwambia asipake kitu. Seremala alilalamika kwamba mchwa watazila kabla ya mavuno.

"Wazile," kaka alisema.

Nilizunguka upande wa abiria nikafungua mlango. Kaka alinyoosha mkono kutoka kwenye usukani akaushika mlango kwa ndani.

"Leo hupandi."

"Ulisema nina macho."

"Jana wangetuchukua wote wawili," alisema. "Mama abaki na mmoja."

Akauvuta mlango, akaondoka. Nilibaki mbele ya banda nikiangalia mbao mpya, nyeupe, zikiruka kidogo kwenye kila shimo la barabara, na seremala pembeni yangu akiwa bado na randa mkononi, akiuliza tumemkosea nani.